Mahindi Yasiyo na Ushahidi

Kiherehere changu kiliniumbua juzi kwenye maabara moja mjini Voi. Mama mmoja wa Njukini alinipa karatasi ya majibu ya mahindi yake nimsomee. Nikaona "no evidence", yaani hakuna ushahidi, wa sumu ya ukungu, nikamtangazia mbele ya foleni: "Mama, ni safi. Nenda ukapike."

Mtaalamu wa maabara akainua kidole. "Mzee, sijaandika ni safi. Hatukuona sumu kwenye kikombe alicholeta."

"Na gunia lenyewe?" mama akauliza.

"Hilo hatujapima."

Wasomi wa kila nchi niliyotembea huandika hivyo. Ni kurudisha mlango bila kutia komeo.

"Kama hujui, andika hujui," mama akamwambia. "Leo watoto watakula ndizi."