Shangazi wa Kwenye Kioo Aligoma Kula Chaji

Mashine ya ramani ya kwenye gari letu iliongea miaka nenda rudi bila kuugua hata mafua. Halafu ikafa kesho yake tu baada ya watoto wangu kupitisha azimio kwamba bila mashine hiyo, baba yao hashiki usukani.

Nikasema huu ni uchawi.

Ngoja nieleze taratibu, maana humu mna watu wakisoma mstari mmoja wanakimbilia kutoa maoni.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori mpaka akastaafu. Ukimsikiliza yeye, hakuna barabara isiyomjua. Hasemi hakuna barabara asiyoijua. Barabara ndizo zinamjua yeye. Mtu mnyenyekevu sana.

Sasa mtu huyo, watoto wakamnunulia kile kifaa cha kubandika kwenye kioo cha mbele, chenye sauti ya mwanamke wa kukuambia kata kulia, kata kushoto. Wajukuu wakakiita Shangazi, kwa sababu kinaamrisha watu wazima na hakingoji jibu.

Shangazi aliongea Kiingereza cha puani. Mzee akamjibu kwa Kiswahili cha gereji. Walielewana kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Kisha ikaja jioni moja Mzee akachelewa. Alitoka mchana kununua misumari, dukani hapo karibu. Akarudi giza limeingia, na misumari hana. Nikamuuliza alikuwa wapi, akasema alipitia kwa rafiki. Rafiki gani? Rafiki tu.

Sawa.

Kifungua mimba wetu akapata habari. Huyu tunamwita Mwenyekiti, maana hata paka akipotea yeye huitisha kikao. Akaitisha. Akafungua kikao, akatoa neno la utangulizi, akatushukuru kwa kuhudhuria, na sisi tuko watu wanne sebuleni tumegusana magoti. Mimi, baba yake, yeye, na mdogo wake wa mwisho, binti yangu muuguzi.

Azimio likapita. Baba aendelee kuendesha, ila Shangazi awe anawaka muda wote. Siku Shangazi akizima asiwake, funguo ziende kwa binti na gari lihamie kwake. Jumapili Mwenyekiti atakuja kukagua.

Mzee alifoka mpaka chai ikapoa vikombeni. Akasema gari hili litatoka uani yeye akiwa amelala chali na pamba puani.

Binti alikuwa anamtazama tu baba yake, vile wauguzi wanavyotazama.

Na mimi nilikuwa upande wa Mzee, nisiwafiche. Nimeshaona wanaume walionyang'anywa funguo. Jirani yetu wa nyuma alinyang'anywa zake, akahamia kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akakikalia mpaka akafanana nacho. Nikaapa, wangu hapana.

Asubuhi yake, Shangazi kimya. Kioo cheusi, hana hata salamu. Unachomeka waya kwenye tundu la kuwashia sigara garini, ncha ya pili inaingia tumboni kwake, lakini chaji haipandi.

Mzee akamtukana Shangazi, akawatukana waliomtengeneza, akaitukana na hali ya hewa. Kisha akaingia ndani akala vizuri sana.

Mimi nikakunja mikono ya sweta.

Nilianza na uchafu. Nikachukua mswaki mkavu, nikasugua tundu la chaji la Shangazi polepole. Nikatoa pamba za vumbi ambazo ukiziongezea kidogo unapata mto wa kulalia. Nikachomeka. Kimya.

Nikampigia Mwenyekiti. Akasema kwa sauti ya mkutano kwamba nibonyeze kitufe cha kuwashia nikishikilie, nisiachie, mashine itajiamsha. Nikashikilia. Kidole kikafa ganzi, mashine haikuamka. Nilipomwambia hivyo akaniuliza kama nilishikilia kwa usahihi.

Ndiyo, mwanangu. Kushikilia kitufe ni taaluma, mama yako hakusomea.

Mzee akapita karibu, akaniona nimeinama juu ya Shangazi kama mkunga. Akasema niachane naye, kitu kikizeeka kimezeeka. Nikamwambia akae kwa kutulia, mimi ndiye nitakayemwokolea usukani wake.

Akashusha pumzi. Nikadhani ni shukrani. Tuliooana muda mrefu tunajuana kwelikweli.

Nikamfunga Shangazi kwenye kitambaa, nikampeleka kwa fundi wa simu pale sokoni. Kijumba chake kimejaa simu zilizopasuliwa matumbo, na mlangoni ameandika kwamba hapa wafu hufufuka. Mtu wa matangazo ya kiasi.

Akafungua skrubu ndogo ndogo, akachungulia. Betri imevimba kama shavu lenye jino bovu. Akasema, "Bibi, hii ilikuwa inaishi kwa waya tu. Ukichomoa, inakufa."

Akatia betri mpya, akachomeka waya wake mwenyewe wa pale mezani. Shangazi akawaka, akapiga ule muziki wake, akasalimia kwa Kiingereza. Nilitamani kumkumbatia fundi, ila alikuwa ameshika kifaa cha moto cha kulehemu.

Nikafika nyumbani kifua mbele. Nikamwambia Mzee twende tukajaribu, tuzunguke mtaa tu.

Tukazunguka. Mzee, bingwa wa milima na kona, alikuwa ameushika usukani kana kwamba ni wa kuazima. Jasho linamtoka, na upepo upo. Shangazi akisema kushoto, Mzee ananitazama mimi kwanza. Nikajisemea, huyu amefurahi, furaha imempanda kichwani.

Naambiwa nina macho makali. Sijui ya kuonea nini.

Kesho yake Shangazi akazima tena. Betri mpya imekwisha, na chaji ya garini haiingii. Na Jumapili ndiyo hiyo inabisha hodi.

Nikarudi kwa fundi nimevimba kuliko ile betri. Nikamwambia wafu wake wanafufuka kwa siku moja tu. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja: waya wa garini uko wapi?

Nyumbani.

Yaani nilimpeleka mgonjwa hospitali, chakula kinachomuumiza nikakiacha mezani. Nikarudi, nikauleta.

Fundi ana betri ya gari chini ya meza. Akajaribu ule waya. Kile kitaa chekundu kilichoko kichwani mwa plagi hakikuwaka. Akashika ncha ya plagi, ile ya kuingia kwenye tundu la sigara, akaizungusha ikafunguka. Akaniambia humo ndani hukaa fyuzi, kichupa cha kioo chenye uzi wa chuma. Uzi ukiungua, umeme haupiti. Kitu rahisi.

Akainamisha plagi kiganjani. Kikadondoka kijiti cha kiberiti.

Kimekatwa kichwa, kimekatwa mkia, kimenyooshwa kwa wembe, urefu sawasawa na fyuzi.

Fundi akakigeuzageuza. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Bibi, fyuzi ikiungua watu huweka ile karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, ili umeme upite hivyo hivyo. Wananiletea kila siku. Lakini mti haupitishi umeme. Huyu hakuwa anatengeneza."

Nikamuuliza alikuwa anafanya nini basi.

"Alikuwa anazuia. Na ameweka kijiti ili ncha isilegee, mtu akishika asijue."

Fyuzi huungua. Fyuzi haitoki ikaenda kutembea na kumwachia kiberiti zamu.

Na nyumba yangu ina watu wawili. Mmoja ni mimi.

Fundi akatia fyuzi mpya, kitaa kikawaka. Nikaondoka. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, maneno ambayo mengine hata humu hayaandikiki. Mimi nasugua tundu kwa mswaki, nasimamiwa na Mwenyekiti kwa simu, namgombeza fundi wa watu, kumbe bwana mkubwa ndiye aliyemnyima Shangazi chakula!

Nikamkuta Mzee ameketi garini, uani, mlango wazi. Nikaingia upande wa pili. Nikachomeka waya, nikamwambia awashe.

Kitaa chekundu. Muziki. Shangazi akasalimia.

Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu usoni kwake, au ubishi. Nikaona kitu kingine. Nikaona mtu amesomewa hukumu.

Nikamwonyesha tu kile kijiti.

Akakitazama. Kisha akazima gari.

"Ile siku ya misumari," akasema, "sikupitia kwa rafiki."

Nikasema najua.

"Hujui. Nilibonyeza ile picha ya nyumba kwenye Shangazi, anirudishe. Shangazi akanileta mpaka hapa nje, akasema umefika. Nikaangalia geti. Sikulijua. Nikamwambia mwongo wewe. Nikaondoka, nikazunguka, akanileta tena hapa hapa. Nikamtukana. Nikazunguka tena."

Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani.

"Uliingiaje basi?" nikamuuliza.

"Ulitoka kuanua nguo. Unazikung'uta kabla ya kuzikunja, unazipiga hewani kama unazigombeza. Ukuta sikuujua, geti sikulijua. Nikasema, yule namjua. Anapoingia yule, na mimi ndipo naingia."

Nikaweka mkono wangu juu ya wake, pale kwenye usukani.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu angemwambia nani, Mwenyekiti, ili iingie kwenye ajenda? Akasema watoto walipotoa lile sharti la Shangazi, yeye aliona mlango umefunguka. Shangazi akifa, gari linaondoka, na hakuna atakayesema baba kashindwa. Watasema mashine imeshindwa. Kwa hiyo akamuua Shangazi kimyakimya, na mimi mkewe mpenzi, kwa upendo wangu wote, nikawa namfufua kila asubuhi.

"Kila ukimpeleka kwa fundi naomba fundi awe hajui kazi," akasema. "Mama, una kichwa kigumu."

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka. Nikamwambia kuna mtu mmoja ambaye hatamdanganya, naye ni daktari. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwita binti nikamweleza jikoni, sufuria zikilia ili baba yake asisikie. Akasema alishaanza kuhisi, ila alishindwa amwanzie wapi baba yake.

Jumapili Mwenyekiti akafika na uso wa ukaguzi. Akauliza Shangazi yuko katika hali gani.

Fyuzi nilikuwa nimeichomoa, iko kwenye mfuko wa sweta yangu. Nikamwambia imeshindikana. Betri tumebadilisha, fundi kahangaika, wapi.

Hapo Mzee akainuka. Laiti mngeona zile mbwembwe. Akalaani mafundi wa siku hizi, akalaani vitu vya plastiki, akasema enzi zake gari lilikuwa na dereva, si mwanamke wa kwenye kioo. Akazunguka gari, akapiga boneti kofi la kuaga. Kisha akamkabidhi binti funguo kwa shingo upande uliopinda kweli kweli.

"Chukua. Mimi nimekubali tu kwa sababu mashine imekufa."

Mwenyekiti akampa pole. Akaomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba baba ameonyesha ukomavu.

Fundi wa watu ndiye aliyebeba lawama. Nilikwenda kumwomba radhi, akasema hakuna neno, ila nisiseme hivyo mbele ya wateja.

Wiki hiyo hiyo binti alituendesha hospitali. Kwa daktari Mzee alisema mwenyewe, yote, na geti akalitaja. Daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa, si uzembe, na kwamba kuugundua mapema kunasaidia. Amepewa dawa na mazoezi ya kichwa. Mwenyekiti tulimwambia baada ya hapo. Alilia kama mtoto, bila neno la utangulizi.

Kama mngetaka funzo, na najua mnalitaka, chukueni hili: kitu kikigoma kupona kila ukikitibu, acha kwanza kukitibu. Kaa na mwenye nacho, umuulize kama anataka kipone. Mimi nilimwokolea mume wangu usukani, na usukani ndio uliokuwa unamtisha. Upendo usiouliza maswali unaweza kumchosha mtu kuliko adui.

Siku hizi Mzee hukaa mbele, kando ya binti, na kazi ya Shangazi ameichukua yeye. Kata kulia. Kata kushoto. Punguza mwendo, hapo mbele kuna tuta. Mara nyingi anapatia, maana barabara bado zinamjua.

Mara nyingine anaelekeza kwenye njia ambayo haikuwahi kuwapo.

Binti hambishii. Anamwambia, "Huko wamefunga, baba, kuna matengenezo."

Mzee anatikisa kichwa kwa masikitiko, anageuka kunitazama huku nyuma, analalamika kwamba mji huu matengenezo hayaishi.

Na mimi namwambia ni kweli, mume wangu. Wanachimba kila mahali.