Sinema ya Kumponya Shangazi

Shangazi alipenda busaa, ile pombe ya kienyeji, na koito yangu ilikuwa Jumamosi. Koito ni siku watu wa kijana wanakuja kumwomba msichana, na kwetu Kimulot shangazi wa upande wa baba lazima akae mbele ya wageni, aulizwe kama amekubali. Wangu angeweza kukubali, akakataa, kisha akaanza kuimba. Ole wangu!

Mama akaazima sinema kwa mwanakwaya mwenzake. Ati ni ya mwanamke aliyeharibiwa na pombe, itamtisha wifi yake aache kabisa. Jumapili baada ya kanisa tukamkalisha Shangazi mbele ya televisheni na kikombe cha chai, Mama akaomba, tukaanza.

Jamani, ile sinema! Mwanamke anakunywa divai, anamtukana bwanake, anatupa simu ndani ya maji.

“Si hiyo simu angenipa mimi?” Shangazi akasema.

Mwanamke akalala mpaka saa sita mchana.

“Na majani chai anachuma nani?”

Mama akasimamisha sinema, akanyoosha mkono kwa televisheni, akamwombea yule mwanamke afunguliwe. Aliyesema amina kwa nguvu kutushinda sote ni Shangazi. Tukaendelea. Mwanamke akatembea kwenye mvua, akatembea tena, akaangalia dirisha, majina yakaanza kupanda.

“Imeisha?”

“Imeisha.”

“Ati nini? Ameacha ama hajaacha?”

Nilitamani kulia. Jumapili nzima imeenda bure, na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja!

“Lakini mmeona?” Shangazi akasema. “Tangu ianze hakuna mtu amekuja kumsalimia.”

“Wewe nani hakusalimii?” Mama akamrukia.

“Tangu tuzike mume wangu mnakuja kuniambia niache pombe. Hiyo si salamu.”

Nilisikia aibu mpaka masikio. Mama alimjazia chai polepole, akauliza, “Wifi, umeamkaje?”

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Shangazi alicheka mpaka machozi, kisha akaanza kutueleza vile ameamka, na siku zingine zote vile huwa anaamka.

Jumamosi asubuhi tulienda kwake kumsalimia. Mama aliuma ulimi njia nzima asitaje busaa. Tulimkuta ameshavaa nguo za koito, amekaa mlangoni, anatungoja.