Maji ya Mvua Yalikuwa ya Mama

Juzi fundi alinifungia chujio la maji jikoni, hapa mjini Mugumu. Maji yalipoanza kudondoka kwenye sufuria, nikajikuta nimerudi kwa bibi, kijijini Tarime, mwaka ule wa kiangazi kirefu.

Tulikuwa tukichota kijitoni. Bibi aliyachuja maji kwa mitungi mitatu iliyopandana: wa juu mchanga, wa kati mkaa, wa chini maji yenyewe, baridi, yenye harufu ya udongo. Kuosha ule mchanga ilikuwa kazi yangu. Kisha wachimbaji wakaanza kusafishia dhahabu upande wa juu wa kijito, kwa zebaki. Ndama wa jirani wakafa. Bwana afya akaja na kibao, akakipigilia ukingoni: maji haya hayafai kunywa.

"Mwanangu," bibi akamwuliza, "sasa tunywe nini?"

Yule bwana akainamisha kichwa. "Bibi, mimi nimetumwa kukataza tu."

"Na mkaa wangu?"

"Mkaa hauwezi kuiondoa sumu hii. Hata uyachemshe, bado imo."

Kisima cha karibu kilikuwa upande wa ukoo tuliogombana nao kwa wizi wa ng'ombe. Hakuna aliyethubutu kukanyaga kule. Kuhama nako, shamba na makaburi ungemwachia nani?

Mama alikuwa mjamzito. Bibi akalifunga kufuli pipa la maji ya mvua yaliyobaki tangu masika. "Mura, kijana wangu, hayo ni ya mama yako. Usiyaguse." Sisi wengine tukaendelea na ya kijito. Nakumbuka ugali wa mtama ukinikwama kooni, na jinsi nilivyolaza shavu kwenye lile pipa mchana wa jua kali, nikisikia ubaridi wake. Bibi alikunywa kwanza, kikombe kizima, halafu akakaa muda mrefu kabla ya kutugawia. Niliogopa kunywa, na kiu haikunipa nafasi ya kukataa.

Mdogo wangu alizaliwa mzima, pipa likiwa limebaki na matope tu. Alilia kwa nguvu hadi jirani akacheka. Baadaye mikono ya bibi ikaanza kutetemeka. Pale zahanati walisema ni uzee tu. Huenda.

Bomba la kijiji lilifika tukiwa tumeshamzika bibi. Mdogo wangu sasa ana watoto, na huniuliza bibi alikuwaje. Namsimulia utani wake, nyimbo alizoimba akisaga mtama, nyimbo ambazo pale nyumbani hakuna tena anayezijua. Habari ya maji, mpaka leo sijajua nianzie wapi.