Kitabu Kisicho na Mgongo

Baba yangu ni fundi wa kujalidi vitabu. Mtaani wanamwita Bwana Gundi, kwa sababu ukimpa mkono, kurudishiwa ni kazi. Kitabu kilichochanika hukipapasa mgongo kwanza, akatikisa kichwa, ndipo atafute uzi. Jioni akishafunga karakana, humsomea Mama. Mama ni fundi cherehani. Kusoma anajua, ila husema macho yake yameajiriwa na sindano, masikio ndiyo yako likizo. Basi Baba hulamba kidole na kufunua ukurasa, Mama anashona pindo.

Miaka ikapita, macho ya Baba yakaingia ukungu, naye asimwambie mtu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba yeye aliumbuliwa na umeme. Taa zilizimika ghafla, nyumba nzima giza totoro, naye akaendelea kusoma bila hata kukohoa.

"Mzee," Mama akasema gizani, "unasoma nini?"

Tangu siku hiyo vitabu vikakaa kabatini. Baba akasingizia koo. Mama akawa anashona kimyakimya, na kimya kile kilinikera kuliko kelele zote za cherehani.

Nikanunua kishikwambi, nikakijaza vitabu, nikakuza maandishi hadi kila herufi ikawa kama haragwe. Baba akakigeuzageuza.

"Mgongo wake uko wapi?"

"Hakina, Baba."

"Kitabu hakina mgongo, kitasimamaje?"

Kesho yake akakishonea jalada la kitambaa cha buluu, lenye na mgongo wake. Akalamba kidole, akagusa kioo. Kioo kikaona mate, kikaruka sura nzima. Nikamfundisha kufuta kidole kwenye shati, naye akasoma, Mama akavuta kiti karibu. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Sasa mimi na kimbelembele changu, nikamwonyesha Mama kwamba vitabu vile vina mambo: ukigusa picha ya mbwa, anabweka, ukigusa alama ya sikio, sauti ya mwanamke inasoma yenyewe. Mama akacheka kama msichana. Akaigusa alama ya sikio jioni ile, akaigusa na kesho yake, ikawa ndiyo desturi. Baba akahamia kiti cha mlangoni, eti anapunga upepo. Upepo gani, na mlango umefungwa? Nilikuwa nimemrudishia macho, nikamnyang'anya kazi.

Jioni moja sauti ikafika pale mbwa anapovuka mto kumfuata bwana wake. Hadithi ile Baba alishamsomea Mama zamani, kwenye kitabu cha karatasi. Mbwa akazama. Sauti ikaingia sura inayofuata bila hata kupumua.

Mama akaiacha sindano.

"Kazama? Huyu mbwa si alitoka majini, akajikung'uta, akamlowesha bwana wake?"

Sote tukamgeukia Baba.

"Ulikuwa ndiyo umetoka hospitali," akasema, macho kwenye kitasa. "Hata maji ulikuwa huyataki. Mimi nikuulie mbwa wiki ile?"

"Na yule nahodha wa meli iliyoungua?"

"Kwangu alipona."

"Na mkewe?"

"Mama nanii, hebu usinichimbe."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa gauni la mteja. Halafu akaizima ile sauti, akampelekea Baba kishikwambi palepale mlangoni.

"Soma wewe. Huyu dada ana sauti nzuri, lakini hajui anamsomea nani."

"Nianzie wapi?"

"Mtoni."

Baba akalamba kidole, akakumbuka, akakifuta kwenye shati. Mbwa akatoka majini, akajikung'uta.