Valvu Niliyoifunga Kimyakimya

Nakuandikia wewe usiyenijua, kwa sababu wanaonijua nimeshawaambia na karibu wote hawakuniamini. Mimi ndiye niliyevunja ndoa ya mdogo wangu. Nilianza kuivunja kwa bomba nililofunga vibaya, kisha nikaimaliza kwa maneno matatu niliyomwambia mumewe kibarazani kwangu.

Majina nimeyabadilisha. Mdogo wangu nitamwita Kidawa.

Sisi ni watu wa visiwani, upande wa Mbwera, kwenye delta mto unapoingia baharini. Mama alitangulia, baba akamfuata, na mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita nikaingia kwenye mikoko kukata boriti, nikawalea wadogo zangu kwa shoka. Kazi ya maji ilimwangukia Kidawa. Kwetu maji ya kunywa yana saa zake. Bahari ikijaa, kijito chote ni chumvi. Ikipwa, mto unashuka na maji matamu, na hapo mtoto wa kike anatakiwa awe ameshafika na ndoo yake, anaumwa au haumwi. Nimemwona akirudi na tope hadi magotini, na ndoo haijamwagika hata tone. Hakuwahi kulalamika. Niliapa moyoni kwamba siku akiolewa, hatachota tena.

Baadaye boriti zikawa shida. Vibali vikawa vigumu kupata, mgongo nao ukaanza kunikatalia. Nikahamia Kibiti nikiwa mtu mzima, ndevu zimeshaanza mvi, nikaenda kuomba kujifunza ufundi bomba kwa Seifu, kijana ambaye kwa umri angekuwa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa na moyo mzuri, lakini ulimi wake ni wembe.

"Mzee wa mikoko," aliniambia siku ya kwanza mbele ya wenzake, "hiyo ni spana. Usiinyanyue juu kama shoka."

"Mwache," mwenzake akadakia, "leo atatukatia mabomba ya kuezekea nyumba."

Nilicheka nao, lakini ndani iliniuma. Nyumbani neno langu ndilo la mwisho tangu sijaota ndevu, na sikuwahi kujifunza namna ya kuuliza. Nikawa natazama mikono ya Seifu na kuiga. Nilipojua kukata, kuunganisha na kufunga koki isivuje, nikaona nimehitimu. Nikaaga.

"Kaka, bado," Seifu alisema, na siku hiyo hakutania. "Umejua kuyapeleka maji. Kuyazuia hujajua."

"Bomba langu halivuji," nikamjibu. Nikaenda zangu.

Kidawa, niliyehamia naye, akaposwa na kijana wa hapo Kibiti, mpole, muuza vipuri vya pikipiki. Baba hayupo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii wake. Mkono wangu ndio alioushika bwana harusi. Na zawadi yangu kwa mdogo wangu ilikuwa maji. Wakwe zake walikuwa na kisima uani, cha kuvuta kwa kamba. Nikawafungia pampu, nikapandisha tangi juu ya mnara, nikashusha bomba hadi jikoni. Mama mkwe wake akataka na choo cha uani kipate maji yenye nguvu, maana mzee wake alikuwa dhaifu na hawezi kubeba ndoo. Nikatoa tawi kwenye bomba lilelile la pampu, kabla halijafika kwenye tangi, nikaweka mpira, na mpira ule ukatumbukizwa ndani ya ndoo ya chooni ili ijijaze yenyewe.

Pale palitakiwa valvu ya kuzuia maji yasirudi. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Nilikiona mikononi mwa Seifu mara nyingi, na sikuwahi kumuuliza ni cha nini. Nikakiruka.

Bibi harusi na bomba viliingia nyumba ile wiki moja. Hilo ndilo lililomponza.

Haukupita muda, matumbo yakaanza. Leo wifi yake, kesho mumewe, keshokutwa mzee. Wanapona, wanaanza tena. Mpishi alikuwa Kidawa, kwa hiyo macho yote yakaenda kwenye mikono yake. Yeye naye aliumwa, ila nani anahesabu ugonjwa wa mke mgeni? Akawa anaosha vyombo, anarudia, anarudia tena. Wifi yake akawa anamchoma: "Huko visiwani sahani mnaoshea tope, nini?" Utani ukaisha siku mzee alipolazwa hospitali, hana hata nguvu ya kuitikia salamu.

Mama mkwe mwenyewe alimleta Kidawa kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe, sikuja kugombana. Mtoto ana heshima, sina la kumsema. Lakini mkono wake una kasoro. Tangu aingie, nyumba yangu haijapata afya. Nami nina mzee mmoja tu."

Kidawa alisimama nyuma yake, khanga ameishikilia kidevuni. Mumewe alikuwa ameandika talaka moja. Moja, akaacha mlango wazi. Kwa dini yetu, ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila posa wala mahari mpya. Naomba ulielewe hili: tulikuwa bado na muda.

Nilikwenda nyumba ile kuchukua sanduku lake la nguo. Mama mkwe akaniambia, kwa kuwa nipo, nitazame mpira wa chooni, unavuja. Nimeinama pale, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, na ndani ya bomba nikasikia kitu kikikoroma. Nikatazama ndoo. Maji yalikuwa yanashuka. Maji yale ya chooni, yenye kopo linalotoka sakafuni na kurudi humo, yalikuwa yanavutwa na mpira, yanarudi kwenye bomba, yanateremka kisimani. Kisima hichohicho wanachonywea. Na Kibiti umeme unakatika kila mara.

Nikakaa chini. Mimi ni mtu wa delta. Nimekulia mahali ambapo mto wenyewe hugeuka ukapanda juu, na maisha yetu yote tumeyapanga kwa kujua saa ya maji kurudi. Haikunijia kichwani hata siku moja kwamba na maji ya bombani yanarudi.

Hapo ndipo ningeita. Mama mkwe alikuwa jikoni, namsikia akipuliza moto. Ningesema tu, "Mama, njoo uone," na angeona kwa macho yake ndoo ikikauka. Yangeisha siku ile.

Badala yake nilifungua mkoba wangu. Valvu ilikuwemo. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya kazi ya madrasa, kazi yangu kubwa ya kwanza. Msimamizi wa pale aliisisitiza, mimi nikainunua tu, na sasa ndipo nilipojua inafanya nini. Nikakata bomba, nikaifunga. Nikamwaga kisimani dawa ya maji iliyokuwamo mkobani. Nikapangusa matone.

"Umemaliza, fundi?"

"Mpira tu, mama. Nimeukaza."

Fundi. Miaka yote ya mikoko niliitwa "wewe". Nikafikiri, nikisema, kabla ya swala ya magharibi Kibiti yote itakuwa imejua, na watu wa madrasa watakuwa wa kwanza. Nikajipa moyo: hawataugua tena, watasahau, watamrudisha. Nimeshatengeneza, kelele za nini?

Kumbe ningeliacha bomba bovu vilevile ingekuwa afadhali kwake. Matumbo yalipona, na yalipona baada ya yeye kuondoka. Ushahidi gani tena walitaka? Mimi ndiye niliyewapa.

Eda ikiwa bado, shemeji alikuja. Alikaa kibarazani, anazungusha kofia yake mkononi.

"Kaka, mimi nampenda."

"Najua."

"Mama ananiambia, tazama mwenyewe. Tangu ameondoka hakuna aliyeumwa, hata mzee anakula. Nimjibu nini?" Akaishusha kofia magotini. "Nimewaza hata maji. Wewe ndiye uliyeyafunga. Yale maji hayana tatizo?"

Nyuma ya pazia niliona vidole vya miguu vya Kidawa. Alikuwa amesimama anasikiliza.

"Maji hayana tatizo," nikasema.

Siku ile ilikuwa kweli. Ndiyo maana yalinitoka kirahisi.

Alishukuru, akavaa kofia yake, akaondoka. Eda ikaisha. Mwaka haukupinduka, akaoa mke mwingine.

Kidawa anaishi nami. Anasugua mikono kwa jivu na sabuni mpaka ngozi imepasuka. Akipakua chakula hali, ananikodolea macho ninavyokula. Asubuhi, kabla hajaniamkia, ananiuliza, "Tumbo lako vipi, kaka?" Nikimwambia zima, anashusha pumzi kama aliyeponea chupuchupu.

Kisha ikaja harusi ya jirani. Kwetu harusi ni sufuria. Mwanamke anayeitwa kwenye sufuria ndiye anayehesabiwa kuwa mtu. Kidawa akajifunga khanga, akaenda na kisu chake cha vitunguu. Alirudi mapema.

"Mbona umewahi?"

"Wamenipa fagio, nifagie uani. Wamesema kwenye moto wapo wengi."

"Nani kasema?"

"Wote, kaka. Tena wamesema kwa upole." Akakiweka kisu chini. "Wana haki. Hata mimi, ningekuwa wao, nisingeniruhusu."

Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote, mpira, ndoo, valvu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Ulijua lini?"

"Siku niliyofuata sanduku lako."

"Basi nilikuwa bado kwenye eda."

"Ndiyo."

"Na alipokuuliza habari za maji, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Sikuona hasira usoni mwake, na ningeipokea kwa mikono miwili. Akaniambia wali umo kwenye sufuria, nisiuache upoe. Akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda kwa wakwe. Nikamweleza mama mkwe mbele ya mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa bega.

"Mkwe, hata mimi ningekuwa na mdogo wa kike ningesema hivyohivyo. Kaka ni kaka. Mungu akulipe kwa kumsitiri."

"Mama, simsitiri. Njoo uone valvu."

Akaja, akaiona. "Hii hapa. Si inazuia?"

"Inazuia."

"Basi mimi nione nini, mwanangu?"

Shemeji alikuwa anazungusha kofia yake. Mke wake mpya alikuwa anachambua mchele pembeni, tumbo limeshaonekana. Hata kama shemeji aliniamini, angefanya nini?

Nikamfuata Seifu aje anishuhudie. Alikunja uso, akatafuta maneno ya kunionea huruma, jambo ambalo sijamzoea nalo. "Kaka, mimi nakuamini. Ila nitaapa vipi juu ya kosa ulilolifuta kwa mkono wako? Mimi nikienda pale naona bomba limefungwa vizuri." Nikaenda hata kwa watu wa madrasa, nikawaambia niliyoyafanya, nikitumaini watanifukuza. Wakasema mtu anayejishusha hivyo ni nadra, wakaniongezea kazi ya vyoo vya walimu.

Ndivyo nilivyo sasa. Jina langu la ufundi linapanda, mdogo wangu anafagia nyua za watu. Nawaambia majirani, wananiitikia, "Ee, kaka, tumesikia," na kwenye shughuli inayofuata wanampa fagio. Juzi nilimuuliza Kidawa kama walau yeye ananiamini.

"Labda kweli ni bomba," alisema, anatazama viganja vyake. "Na labda unanihurumia. Nitajuaje, kaka? Umenidanganya mara moja."

Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kazini.

Basi wewe uliyeshika spana ukubwani kama mimi, au mwiko, au sindano, au kazi yoyote ile: utakosea. Uliza hata kwa mtoto, haitakuua. Na siku utakapoliona kosa lako ndani ya nyumba ya watu, mkono utakimbilia mkobani kutengeneza kabla hawajajua. Uzuie. Weka vifaa chini, liache kosa kama lilivyo, uite wenye nyumba, uite na majirani, waone kwa macho yao wakati bado linaonekana. Wakutukane pale pale. Ndipo utengeneze.