Kiwavi wa Shambani kwa Dada

Kazini walimwita Mama Viwavi, na mwanzoni jina lilimuudhi. Baadaye akalizoea, kisha akalipenda, maana wenzake waliitwa mabaya zaidi. Alikuwa mtaalamu wa vinasaba, lakini nusu ya siku yake ilipita akikata majani ya mahindi na kuosha vikombe. Kila kiwavi alikaa kwenye kikombe chake. Ukiwaweka wawili pamoja, kesho unamkuta mmoja, kanenepa.

Dada yake mkubwa, mkulima, hakuona cha kuchekesha. "Mdogo wangu, wewe unawalisha, mimi wananila," alimwambia, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Misimu miwili mfululizo alipiga dawa hadi mikono ikababuka, na viwavi wakaendelea kutafuna mahindi yake kana kwamba wamenyunyiziwa maji. Mama Viwavi aliwaokota walionusurika, akawapeleka maabara, akawalea.

Sasa mashine ya kusoma vinasaba ilikuwa imefika, na kemikali za kuiendesha zilitosha mara moja tu. Mkuu wa maabara alitaka asomwe kiwavi wa humo ndani, wa ukoo uliozalishwa kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi, mpaka wote wakafanana. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wanaofanana husomeka kwa urahisi. Wa shambani wamechanganyika, na kwa kuwa mashine husoma vinasaba vipande vipande, unaweza kuishia na vipande visivyoungana.

"Huyo wako hajawahi hata kunusa dawa," Mama Viwavi alimjibu kikaoni, mbele ya watu. "Kalelewa kwa kudekezwa. Tukimsoma yeye, tutajua nini kuhusu hawa wanaomaliza mashamba?"

"Tuanze na kilicho rahisi."

"Rahisi kwa nani? Mimi nitaweka wa shambani. Nakuambia mapema, usije ukasema nilikuficha."

Watu walicheka, mkuu naye akacheka. Walidhani ni hasira tu, zitapoa. Hawakumjua.

Siku yenyewe alifika kabla ya wote. Kiwavi wake wa shambani alishashindishwa njaa ili tumbo liwe tupu, wasije wakasoma mahindi badala ya mdudu, na vinasaba vyake vilishasafishwa vikabaki tone dogo kwenye kichupa. Alilidondosha mwenyewe kwenye mashine. Aliogopa kwelikweli, kwa sababu kazi hii ndiyo iliyokuwa ikisomesha wanawe. Akabonyeza.

Mkuu aliingia ameshika kichupa chake. Akaitazama mashine ikivuma.

"Umeweka nini humo?"

"Nilichosema nitaweka."

Mkuu akanyoosha kidole hadi kwenye swichi, kikasita hapo.

"Zima," Mama Viwavi alisema. "Ukizima, kemikali zimekwenda na hatujasoma mdudu yeyote, wako wala wangu. Ukiacha, na vipande visipoungana, nifukuze. Sitakuja kukulilia."

"Na vikiungana?"

"Utasema lilikuwa wazo lako, nakujua. Sema tu. Mimi nataka dada yangu ajue kwa nini dawa inamshinda."

Mkuu akashusha mkono. Mama Viwavi akamsukumia kiti, wala si kwa heshima. Mkuu alikuwa amemziba asione skrini.