Sekunde Mbili za Kizibao

Pale Ikwiriri, ukishuka kwenye basi suruali ikiwa imekuchanikia njiani, huna haja ya kuuliza sana. Watakuonyesha kibaraza cha fundi Kibwana. Mwaka ule wa 2003 mitumba ilijaa kila kona na mafundi wengi wa cherehani walikuwa wanalia njaa, lakini Kibwana alishaiona hali mapema. Aliacha kushona suruali mpya, akawa anazipunguza za Wazungu ziwakae Warufiji. Kazi haikumkauka, na mdomo wake nao haukumkauka. Kicheko chake kilisikika mpaka stendi.

Vita vya Kagera alivisimulia kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Alikuwa mpakiaji wa makombora ndani ya kifaru, na visa vya kifaru kile mtaa mzima ulivijua. Kisa kimoja tu hakukigusa. Mkewe, Mashavu, alijua kwamba huko vitani mumewe aliwashonea wenzake vizibao vya kuzuia vyuma. Lakini ukitaja vizibao, cherehani ilianza kukimbia na fundi hasikii tena.

Bintiye, Tasnim, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta mbili kuukuu, akafungua duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi. Asubuhi aliwachapia watu barua za kuomba kazi. Mchana, wateja wakienda kula, jenereta likiunguruma nje, alifungua gemu la vifaru. Hakuwa anacheza tu. Yeye na wenzake aliosoma nao Dar walikuwa wanalirekebisha gemu lile lifanane na ukweli, wakitumiana kazi kwa diski kupitia makondakta wa mabasi. Mmoja alipewa injini, mwingine matope na milima, na Tasnim akapewa watu wa ndani na mavazi yao ya kujikinga.

Siku moja Kibwana alikuja kufuata ufunguo wa nyumba tu. Akakuta kwenye kioo kifaru kinapigwa, na watu wanne waliomo wanakufa wote kwa mpigo.

"Huyu mpakiaji amekufa kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa kombora, baba."

"Kombora limepita mbele yake, halikumgusa. Kinachoua mle ndani ni ukuta wenyewe. Chuma kinabanduka, kinaruka vipande vipande. Sasa inategemea kila mtu amekaa wapi na amevaa nini."

Ufunguo ukasahaulika. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo akachora kifaru juu ya meza ya Tasnim: dereva yuko chini, kamanda kichwa nje, mpiga mzinga mbele ya kamanda, mpakiaji ng'ambo ya pili ya mzinga. Akaonyesha kipande kikitokea huku kinampata nani, na kizibao kinaziba kifua na tumbo lakini mikono na shingo viko wazi. Kuanzia siku ile akawa haendi popote mchana. Suruali za watu zililala kibarazani, Mashavu akasema ameolewa na mtoto wa miaka hamsini, na Kibwana akakubali bila ubishi. Kusema kweli alikuwa na furaha ambayo mkewe hakuiona siku nyingi.

Tasnim akawavika watu wa gemu vizibao. Sasa kombora lilipotoboa, mmoja aliumia mkono, mwingine akazimia, wawili wakaruka nje wazima. Alimtazama baba yake akingoja sifa.

Hakuzipata. Kibwana alikunja uso. Alisema wamempa mtu kinga bila kumdai chochote. Kizibao kina uzito, kinamnenepesha mtu, na mlango wa juu ni ule ule mwembamba.

"Basi kinamchelewesha sekunde ngapi?" Tasnim akauliza, vidole viko tayari kuandika.

Baba yake aliinuka akatoka.

Jioni ile Mashavu ndiye aliyemweleza binti. Kibwana alishona vizibao vinne, matabaka ya turubai na katikati mabati ya masanduku ya risasi. Siku kifaru kilipopigwa, hakufa mtu. Lakini Huseni, mpiga mzinga, alikwama mlangoni moto ukiwa chini yake. Kibwana alimvuta kutoka juu, Huseni akatoka na mguu mmoja umelemaa. Tangu hapo Kibwana aliamini kwamba ushonaji wake mnene ndio uliomponza rafiki yake. Huseni alikuwa akiishi Mloka, safari ya siku moja tu, na mara mbili alituma salamu na kifurushi cha ufuta. Miaka ishirini na minne Kibwana hakwenda. Mara moja tu alimwambia mkewe kwamba hajui amtazame vipi mtu aliyemlemaza kwa sindano yake.

Tasnim hakumbembeleza. Kesho yake alimwambia diski inaondoka Jumamosi, na kama hana kipimo ataweka namba ya kukisia. Hapo alimgusa pabaya. Kibwana katika maisha yake hajawahi kukata kitambaa kwa kukisia, hata cha mtoto mchanga. Kumkwepa mtu aliweza. Kukwepa kipimo hakuweza. Alhamisi alfajiri baba na binti walipanda lori la kwenda Mloka.

Walimkuta Huseni shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu wanachokaa watu kulinda mpunga wasije nyani na nguruwe. Alikuwa mwembamba vile vile, ndevu zimekuwa nyeupe. Kibwana alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi tangu lori lilipopita kijiji cha Mkongo, na yote yakamtoka kichwani. Walishikana mikono muda mrefu, kila mmoja akitazama chini. Mwishowe Kibwana akasema amekuja kwa ajili ya kipimo, akaeleza habari ya gemu, na Huseni akasikiliza bila kucheka.

Mkewe Huseni, Mwanamina, aliyekuwa naye pale, akaingia ndani ya dungu akatoka na kizibao. Kilikuwa kimefifia na kutoboka, lakini nyuzi zilishika. Alisema mumewe hukivaa kila anapofukuza nguruwe vichakani.

Kibwana alifunga miti kwenye mlango wa dungu mpaka upana ukalingana na ule wa kifaru, ambao hakuusahau, kwa utepe wake wa kupimia nguo, si kwa macho. Alijaribu kupita yeye kwanza, tumbo likagoma, Mwanamina akalazimika kumsukuma. Ikabidi apite Huseni, ambaye pamoja na ule mguu wake uliolemaa hupanda na kushuka pale kila siku. Tasnim alishika saa. Bila kizibao, sekunde saba. Na kizibao, tisa. Wakarudia mara tatu, ikawa hivyo hivyo.

"Haiwezekani," Kibwana alisema. "Siku ile ulikaa mlangoni muda mrefu. Nilisoma Fatiha nikaimaliza."

Huseni alikaa chini. Alivua kizibao akakiweka mapajani.

"Sikukwama, Kibwana. Nilishatoka nusu, nikarudi ndani. Nilikuwa nimeficha kilo tatu za sukari chini ya kiti, za harusi yangu. Ukanivuta ukidhani nimenasa, na watu wakasema ni kizibao. Mimi nikaona aibu kusema nimelemaa mguu kwa ajili ya sukari."

Akakigeuza kizibao, akamwonyesha matundu kwenye turubai. Vipande saba viliishia mle kwenye bati, vyote usawa wa kifua.

Mwanamina alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kama wao. "Uliniambia sukari haikupatikana," alisema taratibu.

"Ilipatikana," Huseni akajibu. "Iliungua."

Kibwana alipandwa na hasira, hasira ya kweli, mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote ile ya kulala vibaya, ya kula ufuta wa watu kwa shida. Akafungua mdomo amtukane. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kikakaa kifuani, kikarudi tena, na machozi yakafuata nyuma yake, na nyani waliokuwa ukingoni mwa shamba wakatimua mbio. Huseni naye akaanza. Wazee wawili walishikana mabega wakacheka mpaka wakakosa pumzi.

Tasnim akauliza aandike nini.

"Mbili," baba yake alisema, akijifuta uso. "Sekunde mbili, wala usiongeze."

Kisha akauokota ule utepe, akaukung'uta vumbi, akamwambia Huseni asimame wima na ainue mikono ampime, kwa sababu hiki kimechakaa na Idi iko karibu, na safari hii atamshonea kizibao cha sikukuu.